Paa Lililopandishwa Bila Pombe

Élisabethville, Katuba, tarehe 7 mwezi wa tatu 1954

Kwako yaya Albertine, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Sakania, wewe na shemeji Alexis. Sisi tu wazima. Baba bado yuko kazi ya usiku kwenye tanuru za shaba; anarudi jua likitoka, anakula bukari ya jana, ugali uliopoa, analala. Tangu ulipoolewa mwaka jana ukaondoka, bukari napika mimi. Baba halalamiki, lakini wala hasifu. Mama Germaine, yule mjane anayepanga chumba nyuma ya nyumba yetu, anatuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumapili, na mwanawe Stanislas anakusalimu. Amerefuka, sasa ananipita kichwa.

Useremala wangu unaendelea. Muzungu wa karakana anatuita wote "boy", hata wale wenye ndevu, lakini kazi anaijua, na mimi ninaiiba kwa macho.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Sina upweke hata kidogo. Kila Jumamosi tunakutana vijana wa mtaa, na jina langu limekuwa kubwa kati yao. Wananiita Lokomotivu. Ukija Pasaka kama ulivyoahidi, utasikia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Donat


Sakania, tarehe 28 mwezi wa tatu 1954

Mdogo wangu Donat,

Barua yako imenifikia, nikaisoma jikoni, na mboga ikaungua. Alexis amecheka sana. Yeye hajambo, treni za kwenda ng'ambo ya mpaka zimekuwa nyingi na anarudi amechoka. Nimefurahi kuona Kiswahili chako bado ni kile tulichofundishwa na Mapadri kule Kirungu. Siku ukianza kuniandikia kile cha mitaani, nitakurudishia barua.

Sasa nikuulize. Umeandika Lokomotivu, lakini hukuandika garimoshi hilo linakula makaa gani. Mtu hapewi jina la namna hiyo kwa kupiga randa. Hao vijana ni nani? Mnakutana wapi, na mnafanya nini kuanzia mchana mpaka kuingia kwa jua? Mzee Anaclet, yule mtia makaa wa treni anayeishi barabara ya pili kutoka kwenu, alipita hapa juma lililopita. Nilimuuliza habari zako, akaanza kunieleza habari za mvua.

Kuhusu Pasaka, sitakuja. Usiniulize sababu. Shemeji yako ni mwema kwangu, si hilo. Mpikie baba samaki siku hiyo, hata kama wewe hupendi kumparua magamba.

Yaya yako anayekupenda,
Albertine


Katuba, tarehe 2 mwezi wa tano 1954

Yaya,

Salamu. Baba mzima. Mimi mzima. Pasaka imepita, tulikula samaki.

Uliniahidi kuja, hukuja, na sababu unaificha. Basi na mimi nisiulizwe. Vijana ni vijana tu, tunakaa, tunazungumza.

Mkono unaniuma kidogo ndiyo maana naandika vibaya. Nilisukuma kitu kizito.

Donat


Sakania, tarehe 23 mwezi wa tano 1954

Donat, mwana wa mama yangu,

Safari hii nitasalimu kwa ufupi, moyo wangu unakimbia mbele ya kalamu. Wote hapa hatujambo. Baridi imeanza.

Mzee Anaclet alipita tena na sikumwachia nafasi ya kusema mvua, maana mvua zimekwisha. Ameniambia kwamba Stanislas alilazwa hospitali, na kwamba wewe ndiwe uliyempeleka, nawe mwenyewe ukinuka pombe hata watu wakageuza nyuso. Hicho ndicho kitu kizito ulichosukuma?

Sikuandikii kukutukana. Nimekubeba mgongoni tangu mama alipotutoka, nakujua kuliko unavyojijua. Wewe ulikuwa mtoto wa kumwaga dawa ya kikohozi kwa sababu ni chungu, na pombe ni chungu kuliko ile dawa. Sasa nataka unieleze kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima: juu ya nini, yaani kwa sababu gani, mnakunywa? Na juu ya nini mnakunywa namna ile, mpaka kuanguka?

Kama hutaki kunijibu, nitumie karatasi tupu yenye jina lako, nijue kwamba uko hai.

Albertine


Katuba, tarehe 20 mwezi wa sita 1954

Yaya yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa na kwa ile barua ya mwezi wa tano. Baba mzima, amepata buti mpya kazini. Mama Germaine mzima. Stanislas ametoka hospitali, anatembea, lakini bado mwembamba.

Nakueleza yote.

Unaijua nyumba ya Mama Germaine ile ambayo haijamalizika kujengwa, mwisho wa barabara yetu? Marehemu mumewe alisimamisha kuta, akanunua mbao na mabati, akafa kabla ya kuezeka. Kuta zina kimo cha mtu, kwa hiyo ukikaa ndani hakuna anayekuona. Hapo ndipo tulipokuwa tunakutana. Kulikuwa na mchezo. Mtu anapewa kopo kubwa la bia, analikausha bila kupumua, wengine wanapiga makofi na kuita jina lake. Mimi nilikuwa nawashinda wote. Lokomotivu ndiyo hiyo.

Jumamosi moja baada ya Pasaka, Symphorien alileta lutuku. Symphorien ni mkubwa kwetu, ndiye aliyeanzisha mchezo. Lutuku ni ile pombe kali inayopikwa kwa kificho, nyeupe kama maji, inachoma mpaka tumboni. Stanislas hakuwa mnywaji. Alikuwa anakuja tu asibaki peke yake nyumbani. Symphorien akamkabidhi kopo.

"Weye uko mwanaume ao uko mutoto wa titi?"

"Niko mwanaume," Stanislas akasema.

"Basi kausha yote, tuone."

Akakausha. Tulipiga makofi, yaya. Na mimi nilipiga. Akacheka, akakaa chini, halafu akalala chali na hakuitika tena. Symphorien akasema, "Mumuache alale. Pombe itatoka na usingizi." Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwa sababu miguu yangu ilikuwa mizito, si kwa ushujaa. Ndipo nikamsikia akikoroma vibaya, kama mtu anayezama. Alikuwa ametapika akiwa chali na matapishi yanamrudia kooni. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamgeuza ubavu, nikamsafisha kinywa kwa kidole, nikatoka njiani nikimlilia mtu yeyote. Mpita njia mmoja akanipa kinga, baiskeli yake. Tukamlaza Stanislas juu yake, yule bwana akamshika kichwa, mimi nikasukuma mpaka hospitali. Mkono uliteguka hapo.

Muuguzi alipomaliza kumhangaikia akanitazama. "Mungemuacha kulala vile, kesho mungetafuta mbao za sanduku." Mimi kazi yangu ni mbao, yaya. Neno hilo liliniingia kama msumari.

Mama Germaine alipofika nilitaka anipige. Akanishika mabega tu. "Aksanti juu ya kumuleta." Na baba hakusema neno. Mpaka leo hajasema. Anakula bukari yangu, analala.

Sasa swali lako. Juu ya nini? Nimefikiri sana. Pombe si tamu, ulisema kweli. Kitu kitamu ni pale watu wote wanapokutazama na kuita jina lako. Mjini mimi ni boy. Nyumbani baba amelala, na wewe umekwenda. Siku nzima inaweza kupita, hakuna aliyesema Donat. Halafu unashika kopo, na kila mtu anangoja aone utafanya nini. Ukiwa umelewa husikii ukimya wa nyumba. Ukinywa kidogo hawakuiti. Lazima unywe mpaka waogope. Na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema ninaogopa. Nadhani wote tuliogopa.

Sijaonja tena tangu siku hiyo.

Kuna jambo lingine. Bilo, ofisi ya mtaa, imemwambia Mama Germaine kwamba kama nyumba haina paa mvua zikianza, kiwanja kitapewa mtu mwingine. Stanislas na mimi tunataka kuiezeka. Mbao zipo, mabati yapo, ufundi ninao. Watu ndio hawapo. Boriti ya juu haiinuliwi na vijana wawili. Majirani wanasema Mama Germaine apike pombe ya mahindi, ndivyo watu wanavyoitwa kazini. Yuko tayari kupika. Lakini Stanislas akisikia harufu yake tu anatapika, na mimi nimekataa. Wamenicheka sana, eti watu hawatakuja. "Bila pombe, bantu habatakuya!"

Nifanye nini? Ungekuwa hapa ungejua.

Donat


Sakania, tarehe 11 mwezi wa saba 1954

Donat wangu,

Nilisoma barua yako nimekaa, halafu nimesimama, halafu nikampa Alexis aisome na yeye. Alipomaliza akasema, "Huyu kijana amemuvuta mwenzake kwenye kaburi, na anasema ni miguu ilikuwa mizito!" Anakusalimu kwa heshima. Mimi ninakusalimu kwa machozi, lakini si ya huzuni.

Baba hajui kusema, Donat. Hata mama alipokufa hakusema. Alitengeneza kitanda chetu kilichovunjika, basi. Usingoje maneno kwake.

Kuhusu kazi. Nakumbuka Kirungu, mama alipokuwa anaitia watu shamba lake. Pombe ilikuwepo, ndiyo. Lakini nilikuwa ninatembea naye mlango kwa mlango, na nilisikia jinsi anavyoita. Hakusema "njooni mnisaidie". Alimwambia huyu, hakuna anayejua kuchimba mizizi ya miti kama wewe. Alimwambia yule, bila sauti yako jembe la wenzako litalala. Kila mtu alitoka nyumbani kwake akiwa na cheo. Kumbe umeniandikia mwenyewe kitu mnachokitafuta kwenye kopo. Nenda ukakigawe. Anza na wale wale mliokuwa mnakunywa pamoja, maana njaa yao unaijua.

Na usingoje mvua zikaribie. Anzeni sasa, siku za Jumamosi, saa zile zile za kunywa, ili mikono isitafute kazi nyingine.

Natamani kuja. Siwezi. Nina kazi yangu mwenyewe huku ambayo haiandikwi. Usinikasirikie tena, tafadhali. Pengine nitakaa muda bila kuandika. Ukimya wangu usiusome vibaya.

Albertine


Katuba, tarehe 17 mwezi wa kumi 1954

Yaya Albertine, na shemeji Alexis,

Nawasalimu nyote kwa sauti kubwa, kama ningeweza ningepanda juu ya paa niwasalimu kutoka huko! Ndiyo, yaya. Paa.

Baba mzima. Nimekaa miezi bila barua yako na nimejitahidi kutousoma vibaya ukimya wako, lakini ukiweza, andika hata mstari.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilianza kwa Chanda, mmoja wa wale tuliokuwa tunakunywa pamoja. Babake ni mwenyeji wa hapa hapa, ukoo wao ulikuwepo kabla ya mji, nao wanajenga maghala ya nafaka yasiyotikisika. Nikamwambia, "Chanda, minatafuta muntu mwenye kujua kufunga kamba."

"Pombe iko?"

"Hakuna."

"Basi juu ya nini nitakuya?"

"Juu ni weye peke njo unaweza, hakuna mwingine."

Akacheka, akaniambia nina wazimu. Jumamosi alikuja, na kamba begani. Mwansa, mwenzetu mwingine wa kopo, nilimwita kwa urefu wake. Wengine kwa nguvu, mmoja kwa sababu anajua kuimba. Wengine hawakuja. Jumamosi ya kwanza mikono ilijua kopo kuliko msumeno, tulikata ubao mmoja upande, ukaharibika. Symphorien alikuwa anakaa juu ya ukuta wa jirani na chupa yake, anapiga mluzi kama treni iliyokwama. Tuliona haya. Tuliendelea. Majuma yakapita, tukapandisha kuta za pembeni, tukachonga mbao zote, na siku moja nikagundua kwamba jua limekuchwa na hakuna aliyetaja kinywaji.

Sitakudanganya. Siku nyingine nikipita karibu na kelele za wanywaji, koo linanidai. Nageuza njia.

Ikafika siku ya kuinua boriti, Jumamosi asubuhi. Mama Germaine alikuwa amewaomba majirani, nao walikuja wengi. Wakachungulia mitungi. Wakakuta munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mizizi kisicholevya. Mzee mmoja akaonja, akatema. "Ile ni ya batoto!" Wakaanza kuondoka, kwanza huyu, kisha yule, mpaka uwanja ukawa mpana. Tukabaki sisi vijana. Tukajaribu. Boriti ilifika kifuani, ikafika mabegani, ikateleza. Chanda ilimkwangua bega, damu ikatoka. Tukaishusha.

Mama Germaine akanisogelea, uso wake umeanguka. "Donat, mwana wangu, niende kwa jirani, niombe hata mutungi moja? Bantu batarudia."

Yaya, nilifungua kinywa kusema ndiyo. Mbele ya Mungu, neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Stanislas alikuwa ananitazama.

Ndipo Mwansa, aliyekuwa juu ya ngazi, akasema, "Angalieni kule." Barabarani walikuwa wanakuja watu wa tanuru, kundi zima la zamu ya usiku, weusi kwa vumbi la kazi, buti zinalia, glavu zimening'inia mikandani. Hawakwenda nyumbani. Hawakunawa. Mbele yao alikuwa baba.

Akaingia ndani ya kuta. Akaitazama boriti, akatazama juu, akatazama mbao zangu namna nilivyozichonga, akapitisha kidole gumba kwenye maungio. Halafu akauliza kwa sauti ya wote kusikia:

"Nani fundi hapa?"

Nikasogea mbele. "Ni mimi, baba."

Akavaa glavu zake. "Basi sema. Tukamate wapi?"

Nikawaambia. Nilimwambia baba yangu mzazi asimame wapi na ashike nini, na baba akafanya. Wanaume wa tanuru, watu wanaobeba shaba inayowaka, walikuwa wananingoja mimi niseme "sasa". Nikasema sasa! Kijana wetu mwimbaji akaanzisha, wakaitikia, na ile boriti ikapanda kama haina uzito, ikaingia mahali pake ikasema tak. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wale majirani walioondoka wakarudi kuona kuna nini. Wengine walivua makoti na kuingia kazini kwa haya, na wakanywa munkoyo ya batoto kikombe baada ya kikombe.

Mabati yalikuwa chumbani kwa Mama Germaine, mbali kidogo. Tulikuwa tunajiuliza jinsi ya kuyaleta, akatokea Symphorien anasukuma mkokoteni wa mjomba wake. Hakusalimu. Hakuomba radhi. Alibeba mabati yote, safari baada ya safari, kisha akaenda zake, na nasikia jioni alilewa tena. Sijui kama atakuja tena. Nimemwambia nina kazi inayohitaji mkokoteni.

Msumari wa mwisho alipiga Stanislas. Ulipinda, akaung'oa, akapiga mwingine.

Bwana wa bilo alifika baadaye, amevaa kofia ngumu. Akagonga kuta, akainua macho. "Nani aliezeka hii nyumba?"

"Ni batoto yangu," Mama Germaine akamjibu, na hakumweleza zaidi. Kiwanja ni chake, yaya. Ni chake kabisa!

Alhamisi iliyopita mvua ya kwanza ilishuka, kubwa, ya mchana. Mama Germaine alikuwa ndani. Wanawake wa barabara nzima wakamkimbilia, wamebeba watoto, wakasimama katikati ya nyumba wakitazama juu. Mabati yalikuwa yananguruma hata huwezi kusikia mtu anayekupigia kelele sikioni. Hakuna tone lililoingia. Mama Germaine akaanza kucheza, na nguo zake za kazi, na sisi sote tukacheza, hatusikii wimbo, tunaona tu midomo. Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa anacheka, yaya. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo la jino upande wa kushoto.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa paa,
Donat


Sakania, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 1954

Fundi Donat,

Salamu kwako, kwa baba, kwa Mama Germaine na Stanislas, kwa Chanda na bega lake, kwa Mwansa, na kwa wote walioinua boriti ile. Alexis ameisoma barua yako kituoni kwa sauti. Ilipofika mahali pa "tukamate wapi" Mzee Anaclet alishuka kwenye injini akaomba isomwe tena. Treni ilichelewa kuondoka, na msimamizi amefoka.

Sasa zamu yangu ya kusema.

Sikuja Pasaka, na sikuja baadaye, kwa sababu nilikuwa nimebeba mimba. Ya kwanza ilitoka mwaka ule ule wa arusi yangu, na sikukuandikia, maana hukuwa na mtu wa kukufariji huko. Safari hii mkunga alinikataza treni, na mama mkwe alinikataza kuitaja kwa kalamu kabla mtoto hajalia. Nilikuwa ninasoma habari zako nikiwa nimelala kitandani, miguu juu ya mto, naogopa hata kukohoa. Siku uliponiandikia habari za Stanislas, nilimwambia aliyekuwa tumboni, vumilia, huko Katuba kuna mtu anavumilia pia.

Mtoto amelia, Donat! Alilia Jumatatu iliyopita asubuhi, sauti yake ilifika mpaka kwenye maghala ya reli. Ni msichana, mzito, ana nywele tele, na hana subira. Tumemwita Victorine. Alexis alitoka nje mbio, bila viatu, kuwatangazia watu wa treni, na wao wakapiga honi mpaka askari wa mpakani wakaja kuuliza kama kuna hatari.

Atabatizwa Noeli. Mwambie baba aombe ruhusa kazini, nawe umwombe Muzungu wako. Njooni wote wawili. Wanawake hapa wananiuliza kila siku ni nani atakayemshika mtoto mbele ya Padri, nami nawajibu: mjomba wake anakuja.

Yaya yako,
Albertine